Nundu Imezidi Kichwa

Wifi yangu Dolina ana ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ni milima. Simsengenyi. Yupo hapa hapa jikoni kwangu ninavyosimulia, goti lake jipya amelinyoosha juu ya kiti changu kizuri, anamaliza skonzi, na kila nikikosea neno ananirekebisha. Nimemwambia, wifi, ukinikatiza tena nawahadithia habari za yule mwalimu wa Dingwall. Amenyamaza. Nitaihadithia vilevile.

Huku kwetu Uskoti kuna orodha ya milima mirefu, ile inayopita futi elfu tatu, nayo ni mia mbili themanini na kitu. Mtu mwenye akili zake anaitazama dirishani huku anakunywa chai. Mwenye ugonjwa wa Dolina anaanza kuipanda mmoja baada ya mwingine, mvua inyeshe, theluji ianguke, hadi aimalize yote. Siku ya kuumaliza ule wa mwisho kunakuwa na sherehe huko huko juu, wiski na keki na watu wazima wanarukaruka kama ndama. Akishuka, jirani zake hawamwiti tena mwendawazimu, wanamheshimu. Mimi naona tofauti ni ndogo.

Dolina aliendesha gari jekundu la posta katika bonde letu la Achgallan tangu ujana hadi alipostaafu. Jumatatu hadi Ijumaa anagawa barua. Jumapili haigusiki, maana hapa kwetu siku hiyo hata nguo hazianikwi, na marehemu mama mkwe wangu angekufa mara ya pili angesikia bintiye yuko mlimani badala ya kanisani. Kwa hiyo ilibaki Jumamosi. Na Jumamosi zetu mnazijua, nyingi zinakuja na mvua. Ndiyo maana ilimchukua miaka arobaini.

Sasa mwalimu. Alikuwa kijana mtanashati, ana gari lake mwenyewe, na Dolina alikuwa ameshapimwa nguo ya harusi. Mimi ndiye niliyempima, pini zikiwa mdomoni. Jumamosi moja wakapanda mlima pamoja. Karibu na kilele mvua ikawakamata, rundo la mawe la juu kabisa wanaliona kwa macho, na yule bwana akasimama akasema, "Mpenzi, hapa inatosha. Ni kama tumefika." Dolina akamtazama. Akaenda juu peke yake, akagusa jiwe, akarudi, akampita palepale alipokuwa amejikunyata, akashuka hadi barabarani akasimamisha lori la samaki. Harusi ikafa siku hiyo. Kitambaa nilikishonea mapazia, na mapazia hayo bado yapo chumbani kwangu.

Huyo ndiye wifi yangu. Kwake yeye hujapanda mpaka uguse jiwe la juu kabisa. Hakuna kama, hakuna karibu. Sheria hiyo hakuitunga yeye, aliitoa kwa baba yake, baba mkwe wangu mimi, aliyekuwa mchungaji wa kondoo. Na hapo ndipo inapoingia habari ya Mzee.

Mzee ni mlima wetu. Kwenye ramani unaitwa Ben Gallan, lakini hapa bondeni hakuna anayeuita hivyo isipokuwa wageni wanaoulizia njia, nao ni wengi, kila kiangazi wanajaa barabarani na soksi zao za rangi. Sisi tunasema Mzee, kwa sababu ukisimama mlangoni mwa kanisa unamwona ameketi, kichwa mbele, na nyuma ya kichwa ana nundu. Juu ya kichwa pana rundo la mawe, na juu ya rundo baba mkwe aliweka jiwe jeupe, ukubwa wa mkate, alilolitoa mtoni akalipandisha mgongoni mwaka aliozaliwa mume wangu Farquhar. Akawaambia wanawe, "Hujafika mpaka uguse jiwe."

Farquhar alipotimiza miaka kumi, baba alimpandisha akaligusa. Dolina akalia, naye anataka. Akaambiwa asubiri mwaka unaofuata, miguu irefuke kidogo. Mwaka unaofuata baba alikuwa makaburini.

Kwa hiyo Dolina akapanda milima yote ya nchi hii, akaacha mmoja, ule unaoonekana kutoka kitandani kwake. "Wa Baba nitaumalizia," alikuwa akisema. "Nitaupanda nikishajua kupanda." Miaka yote hiyo watu walikuja kutoka Ujerumani na Uholanzi wakaligusa lile jiwe, yeye anawapelekea barua zao kambini, na mwenyewe hajaligusa.

Mwaka jana goti lake la kulia likakataa kazi. Daktari wa Inverness akasema atambadilishia goti mwezi wa kumi, na baada ya hapo, mama, milima basi. Dolina akanijia hapa jikoni. "Netta," akasema, "Mzee ni mwezi wa tisa. Nataka bonde zima lije, nataka ile keki yako, na nataka kaka yangu awe pembeni yangu nikigusa jiwe." Farquhar alikuwa palepale anavua viatu. Akasema, "Nitakuwepo, na nisipokuwepo ujue nimekufa." Tukacheka, tukaagiza wiski.

Basi mwezi wa sita wakaja wapimaji.

Walikuwa vijana watatu wa mjini, wastaarabu, na chombo chao cha miguu mitatu. Wanafanya kwa mapenzi tu, hawakutumwa na serikali, wanazunguka kupima vilele ili kuhakikisha orodha imesema kweli. Walishinda juu ya Mzee kutwa nzima, wakashuka wana njaa, wakaingia dukani kwa Effie kununua pai. Farquhar alikuwa humo ananunua dawa ya kondoo. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mzee wangu," kijana mmoja akamwambia kwa adabu, "wewe ni mwenyeji, huenda utapenda kujua. Kilele siyo pale penye jiwe jeupe. Ni kile kilima cha nyuma yake."

"Kipi cha nyuma?"

"Kile cha mviringo, nusu saa mbele."

Farquhar akaweka dawa chini. "Nundu? Unaniambia mimi nundu imezidi kichwa?"

"Kwa shubiri moja tu."

"Kijana, wewe umeona wapi mtu nundu yake ikapita kichwa chake?"

"Ngamia," Effie akasema kutoka kule kwenye mizani, hata hakuinua macho. "Akiinama kunywa maji."

Duka zima likaangua kicheko. Farquhar akatoka bila kulipa, na kwa muda mrefu akawa anaendesha hadi mji wa pili kununua maziwa. Mwanamume wa miaka sabini! Lakini kabla kiangazi hakijaisha habari ikawa imetangazwa, orodha imerekebishwa, na kilele cha Ben Gallan kimehamia kwenye Nundu.

Dolina akasikia habari hiyo. Nilimwekea pai mbele yake akaizungushazungusha. Nikajua kuna neno linakuja, na likaja Jumapili, baada ya kanisa, kwenye supu.

"Kaka," akasema, "nimefikiri. Nitapitia kwa jiwe la Baba, nitaligusa. Halafu nitaendelea hadi kwenye Nundu."

Farquhar akashusha kijiko. "Utalipita jiwe la Baba?"

"Silipiti. Naligusa."

"Ukaligusa ukaendelea, umelipita. Mbele ya bonde zima! Ni sawa na kusimama pale kanisani ukatangaza kwamba Baba alikuwa mwongo."

"Baba hakuwa na vipimo."

"Alikuwa na macho!"

"Na wewe una mdomo," nikamwambia mume wangu, "na kazi yake kwa sasa ni supu. Kula."

Hakula. Dolina naye akasogeza bakuli. Wanafanana hawa wawili, wakikasirika masikio yanakuwa mekundu kwa wakati mmoja.

"Kaka, yule mwalimu nilimwacha mvuani kwa sababu gani?"

"Kwa sababu alikuwa mpumbavu."

"Kwa sababu alisema inatosha. Sasa mimi nikikaa kwa jiwe la Baba nikasema inatosha, na kilele nakiona kule mbele, nitajitazamaje kwenye kioo?"

"Basi nenda," Farquhar akasema, akasimama. "Nenda na nundu yako. Ila ukilipita jiwe la Baba, mimi simo."

Tangu siku hiyo wakawa hawasemeshani. Walikuwa wanakutana hapa hapa mezani, mimi katikati kama mkalimani. Mwambie dada yangu anipe chumvi. Mwambie kaka yangu chumvi iko mbele ya pua yake. Usiku sikulala kwa hasira, nikamwambia Farquhar, wewe uliahidi, yule mtu amekungoja maisha yake yote. Akajigeuza ukutani. Nikamwambia na mambo mengine ambayo si ya kusimulia mbele ya wifi.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Nilipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi. Farquhar ametoka mapema, na mbwa wake Moss ametoka naye, na ule mkoba anaobebea vitoto vya kondoo haupo kwenye msumari wake. "Amekwenda kuangalia kondoo," nikamwambia Dolina alipokuja. Alitazama tu ule msumari, akafunga kamba za viatu.

Tukapanda. Tulikuwa majirani karibu ishirini, na Effie amevaa viatu vya mvua vya marehemu mumewe. Mimi sijawahi kupanda hata kilima cha nyuma ya shule, lakini keki ni yangu, ile ya zabibu inayochemshwa ndani ya kitambaa, nzito kama dhambi, na sikumwamini mtu kuibeba. Nikaifunga mgongoni. Mwanzoni kulikuwa na usubi, wakaingia puani na masikioni, nikapiga mayowe. Kisha matope, kiatu cha kushoto kikabaki humo, wakakichimba. Kisha mawe. Nikaanza kumlaani kila mtu aliyewahi kuandika orodha.

"Wifi, pumzika," Dolina akaniambia.

"Wewe ndiye mgonjwa, mimi nipumzike?"

"Mimi goti. Wewe unapumua kama trekta."

Yeye alikwenda polepole, fimbo mbili, mguu wa kulia anauvuta. Hakulalamika hata mara moja. Kila mara nilimwona anageuka nyuma, anatazama chini kwenye ukungu, na nilijua anamtafuta nani. Roho iliniuma.

Tukafika kichwani kwa Mzee. Ukungu mtupu, unaona mkono wako na wa jirani yako, basi. Rundo la mawe likajitokeza mbele yetu, Dolina akavua glavu, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

Jiwe jeupe halikuwepo.

Tulizunguka lile rundo, tukapapasa kila upande. Effie akapiga magoti. Hakuna. Juu pana shimo kavu, mahali lilipokaa miaka yote, na ukoga wa kijani pembeni yake. Dolina akaketi chini, kwenye majani yenye maji, akaanza kulia. Mimi nimemzika mama yake pamoja naye, nimemwona akiachana na mchumba, sijawahi kumwona analia. "Nimechelewa, Netta," akasema. "Nilikuwa na maisha mazima ya kuja hapa, nikawa naringa. Nimechelewa."

"Ni wale wapimaji!" mtu mmoja akasema.

"Wageni! Wamelichukua kwa ukumbusho!"

Mimi nilikuwa nimeona kitu. Nyuma ya rundo, mahali pasipo na upepo, palikuwa na ganda la jibini. Jekundu, limekatwa kwa kisu butu. Jibini hilo nalinunua mimi, na kisu hicho nimemwambia akinoe tangu Krismasi. Jamani, nilihisi damu inanipanda kichwani. Nikasema moyoni, Farquhar, umelitoa jiwe ili dada yako asilipite. Umemnyima. Nikishuka leo, utalala na kondoo.

Sikuweza kumficha. Nikamwinamia. "Wifi, nisamehe. Ni mume wangu. Alikuwa hapa." Nikamwonyesha lile ganda.

Dolina akaligeuza kiganjani. Akajifuta macho kwa glavu. "Kaka yangu?" akasema. "Kaka yangu hawezi." Lakini alisema kwa sauti ndogo. Kisha akashika fimbo zake akanyanyuka. "Haya. Twende kwenye Nundu."

"Kwa goti hilo?"

"Goti halijaibiwa."

Kutoka kichwani hadi kwenye Nundu unashuka shingoni kwanza, halafu unapanda tena. Mawe yalikuwa yanateleza. Hakuna aliyeimba wala kutania, hata Effie. Mimi nilimshika Dolina mkanda kwa nyuma, sijui nani alikuwa anamsaidia nani. Tulikuwa tumeshaanza kupanda upande wa pili niliposikia mbwa anabweka.

Namjua mbwa wetu. Nikasema, "Moss?" Na kweli, Moss huyu hapa anatoka kwenye ukungu, mkia unapepea, akamzunguka Dolina, akarudi mbio alikotoka kutuongoza.

Farquhar alikuwa ameketi juu ya Nundu, shati tu na fulana, pua ya buluu, anatetemeka. Koti lake amelivua akafunika kitu mbele yake.

"Mmechelewa!" akafoka. "Mmelala njiani? Nimeganda hapa tangu alfajiri!"

"Farquhar," nikasema, "jiwe liko wapi?"

Akavuta koti. Alikuwa amekusanya mawe akayapanga vizuri, rundo dogo la kufika kiunoni, na juu yake limekaa jiwe jeupe la baba yake. Mkoba wa vitoto vya kondoo ulikuwa pembeni, umechanika mkanda mmoja kwa uzito.

Dolina alimtazama kaka yake, kaka yake akatazama viatu.

"Baba alisema hujafika mpaka uguse jiwe," Farquhar akasema. "Nimelala nikifikiri. Hakusema jiwe likae wapi."

Dolina akaangusha fimbo zote mbili. Akatembea zile hatua za mwisho bila fimbo, anachechemea, akaweka viganja vyote viwili juu ya lile jiwe, na Farquhar akaweka wake juu ya vyake. Masikio yao yalikuwa mekundu yote manne. Mimi nilikuwa nimepanga kumpiga yule mwanamume kwa keki, nikajikuta nimemkumbatia, na baridi yake ikaniingia hadi kwenye mifupa.

Sasa sherehe ikawa sherehe. Wakajipanga safu mbili, wakainua fimbo zao zikakutana juu, Dolina akapita chini yake kama bibi harusi, nami nikasema, wifi, hatimaye. Wiski ikazunguka. Keki ilikuwa imebondeka upande mmoja kwa safari, ikaliwa hadi makombo, Moss akalamba kitambaa. Hatukuona bahari, hatukuona visiwa, hatukuona kitu chochote ila ukungu, na kila mtu akaapa kwamba mandhari ilikuwa nzuri. Effie akamwinulia Farquhar kikombe. "Kwa hiyo umekubali? Nundu imezidi?"

"Sijakubali kitu," Farquhar akasema, mdomo umejaa zabibu. "Chombo chao kibovu."

Tulipoanza kufungasha nikamwona analichukua lile jiwe, analirudisha mkobani.

"Unalipeleka wapi?" Dolina akauliza.

"Nyumbani kwake. Nilikuazima tu."

Akalibeba. Njia nzima analalamika mgongo, na kila aliyetaka kumpokea alimfukuza. Kichwani kwa Mzee akapanda juu ya rundo la zamani, akalikalisha jiwe kwenye shimo lake, akaligeuzageuza hadi likatulia. Kisha akamnyooshea dada yake mkono.

"Njoo uguse tena. Sasa ndiyo umepanda. Kule ulikuwa unafanya mazoezi."

Tukacheka sote. Farquhar akaona amepata wasikilizaji, akaanza kueleza jinsi baba yao alivyopima mlima huu kwa macho tu, na macho yake hayakuwahi kukosea hata kondoo mmoja. Dolina alikuwa ameshasogea. Alikuwa ameinama, shavu lake amelilaza juu ya jiwe.

"Nyamaza kidogo, Kaka," akasema. "Naongea na Baba."

Akanyamaza. Na kofia akavua.